Juana Inés: Sista Aliyetafuta Chumba cha Kusomea

Mhariri alipotutaka kila mmoja alete maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, wenzangu waliwahi majina makubwa yote. Nyerere alichukuliwa siku ile ile, Nkrumah hakumaliza wiki. Mimi nikabaki na sista. Tena si sista wa shule za misheni tunaowajua, yule wa filimbi na bustani ya mchicha. Huyu ni mtawa wa ndani, wa wale wanaoingia langoni wakiwa wasichana na hata kuzikwa wakazikwa humo humo. Nilianza kusoma habari zake kwa uvivu tu. Nilipofika katikati uvivu uliniisha, na msomaji mwenzangu, hasa wewe dada unayesoma hapa umeketi ngazi ya juu ya kitanda cha deka, utaona kwa nini.

Alizaliwa San Miguel Nepantla, kijiji kilicho chini ya mlima wa volkano wa Popocatépetl, wakati Meksiko ilipokuwa koloni la Hispania. Mwaka wake wa kuzaliwa unabishaniwa. Padre Mjesuiti aliyeandika maisha yake kwa mara ya kwanza alitaja 1651, lakini ipo kumbukumbu ya ubatizo ya 1648 ambayo watafiti wengi wanaamini ni yake. Mama yake, Isabel Ramírez, hakuolewa. Baba, ofisa wa jeshi wa Kihispania, hakukaa. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika, na bado aliendesha shamba kubwa la Panoayan miaka mingi kwa akili yake mwenyewe. Babu ndiye aliyekuwa na vitabu.

Mtoto alikuwa msumbufu tangu mwanzo. Alipokuwa na miaka mitatu dada yake mkubwa alipelekwa kwa mwalimu mmoja wa kike aliyefundisha wasichana kusoma. Juana akafuata kwa nyuma, akaona wenzake wanavyosoma, akamwambia mwalimu kwamba mama ameagiza naye afundishwe. Mwalimu hakuudanganyika na uongo wa mtoto wa miaka mitatu, ila alimfundisha hivyo hivyo kwa mzaha. Mama alikuja kujua mambo yameshaiva. Baadaye mtoto akasikia kwamba jibini hufanya watu kuwa wajinga, basi akaacha kula jibini, na alikuwa akiipenda.

Alipofika miaka sita au saba akasikia habari nyingine: kwamba katika jiji la Meksiko kuna chuo kikuu. Chuo hicho kilianzishwa kwa amri ya mfalme mwaka 1551, na kama vyuo vyote vya zama zile, wanawake hawakuruhusiwa kusoma. Juana akaanza kumsumbua mama yake kwa ombi moja, asubuhi na jioni: avishwe nguo za kiume, apelekwe kwa ndugu mjini, aingie chuo. Mama akakataa, na mama gani angekubali? Mtoto akahamia kwenye vitabu vya babu, na viboko havikumtoa huko.

Alipokuwa bado msichana mdogo alipelekwa kweli mjini kwa ndugu wa mama yake, lakini kwa gauni. Huko akafundishwa Kilatini masomo yapatayo 20 tu, basi, yaliyobaki akajifundisha. Njia yake ya kupiga msuli ilikuwa ya ajabu. Alikata nywele zake vidole vinne hadi sita, akajiwekea sharti kwamba zikirudi urefu wake kabla hajalielewa jambo alilopanga, atazikata tena. Nywele ziliota haraka kuliko akili ilivyoshika, kwa hiyo mkasi ulirudi. Aliona haifai kichwa kipambwe nywele wakati ndani hakina kitu. Jamani, sisi tunakata nywele kwa sababu bumu halijaingia na msusi hakopeshi.

Sifa zake zikafika ikulu. Mwaka 1664 alikuja makamu mpya wa mfalme, Marquis wa Mancera, na mkewe Leonor Carreto, aliyempenda Juana, akamchukua kuwa mmoja wa wanawake wa kumsindikiza. Makamu huyo, akitaka kujua kama akili ya binti ni ya kuzaliwa nayo au ni mchezo tu wa kukariri, aliita wasomi wapatao 40 wa jiji: wanateolojia, wanafalsafa, wanahisabati, washairi. Wakamhoji mmoja mmoja. Binti alikuwa na miaka kama 17. Fikiria umeingia kutetea utafiti wako mbele ya watahini 40, huna msimamizi, huna cheti hata kimoja, na ukishinda hupewi kitu. Alishinda. Hakupewa kitu.

Ni hapo ndipo hadithi inapokunja kona. Msichana asiye na baba wa ndoa, asiye na mahari, mwenye sura nzuri na kichwa kizito, alikuwa na njia mbili tu zenye heshima: kuolewa au utawa. Ndoa hakuitaka kabisa, na baadaye aliliandika hilo bila kumung'unya maneno. Utawa nao aliuogopa, kwa sababu ya kengele zake na watu wake, maana alichotaka ni kuishi peke yake, asiwe na kazi ya lazima inayomkatiza kusoma. Akalinganisha mabaya mawili. Kati ya nyumba yenye mume na nyumba yenye kengele, kengele angalau hunyamaza baada ya muda.

Watu wa dini wakisoma hivyo huona kama anatukanwa, eti aliingia utawani kwa hesabu. Mimi sioni tusi. Alikuwa muumini, aliamini pia kwamba humo ataokoa roho yake, na ndani ya ukweli huo alitafuta meza na taa. Wangapi kati yetu tumechagua kozi kwa moyo mmoja?

Mwaka 1667 alijaribu kwanza kwa Wakarmeli Peku, shirika lenye ukali mkubwa. Akaugua, akatoka baada ya miezi mitatu hivi. Tarehe 24 Februari 1669 akaweka nadhiri katika nyumba ya Mtakatifu Yeronimo, San Jerónimo, humo humo jijini. Muungamishi wake, Mjesuiti Antonio Núñez de Miranda, alihangaikia shughuli hiyo, na tajiri mmoja akamlipia mahari ya peso 3,000. Kwenye kitabu cha nadhiri aliandika kwamba ni mtoto wa ndoa. Sheria ilitaka hivyo.

Tuingie ndani sasa. Nadhiri zilikuwa nne: ufukara, usafi wa moyo na mwili, utii, na ya nne ni kutotoka maisha yote. Ukuta ulikuwa mrefu. Wageni walipokelewa katika chumba maalumu, mtawa akikaa upande huu wa nondo na mgeni upande ule. Lakini usifikirie vijumba vya giza na mkate mkavu. San Jerónimo haikuwa ya ukali kama kule kwa Wakarmeli. Watawa wenye uwezo walikaa katika makazi ya ghorofa, kila mmoja na jiko lake na sebule yake, na makazi hayo yaliweza kununuliwa na kuuzwa. Palikuwa na watumishi wengi, na palikuwa na watumwa. Hapa sitapita haraka. Juana mwenyewe alipewa na mama yake mtumwa, msichana aliyeitwa Juana de San José, na baadaye akamuuza, pamoja na mtoto mchanga wa yule mwanamke, kwa dada yake wa tumbo moja. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Sentensi kama hiyo hainipiti. Chumba cha kusomea kilikuwa na mtu aliyekifagia, na huyo hakuchagua kengele wala mume. Ni Juana huyo huyo aliyetunga nyimbo za sikukuu za kanisa kuu ambamo Waafrika wanaimba kwa Kihispania chao cha kuchanganya na Wahindi Wekundu wanaimba kwa lugha ya Kinahuatl. Aliwasikia, basi. Yote mawili ni yake.

Kuhusu kusoma humo ndani, mtu yeyote wa hosteli atamwelewa. Anatulia na kitabu, sista wa chumba cha pili anaanza kupiga ala na kuimba. Anarudi kwenye ukurasa, watumishi wawili wamegombana, wanakuja aamue. Wakiondoka anaingia rafiki kumsalimia tu, na salamu inaleta soga, na soga haiishi. Hakuweza kuwafukuza maana walikuja kwa mapenzi, naye aliwapenda. Akatafuta dawa: akawa anajiwekea ahadi ya kutoingia chumba cha mtu yeyote kwa siku kumi na tano au mwezi, isipokuwa ameamriwa kwa utii au kwa shida ya mtu. Hakuwa na mwalimu wala wa kujadiliana naye. Yeye mwenyewe alisema kwamba kitabu kilikuwa bubu na kidau cha wino ndicho alichosoma nacho.

Siku moja mama mkuu mmoja, mcha Mungu asiyejua mambo, aliona kusoma ni hatari, akampiga marufuku. Juana akatii. Kwa miezi kama mitatu hakushika kitabu. Lakini macho hayakupigwa marufuku. Akaona wasichana wawili wanacheza pia, akaagiza unga umwagwe chini, pia ichezewe juu yake, apate kuona alama inayoachwa nguvu zinapoisha. Akaona ni mviringo unaojikunja kwenda ndani, si duara. Akaenda jikoni, akatazama yai linavyoshikamana katika mafuta ya moto na linavyoachana katika sharubati ya sukari. Akafikia kusema, kwa utani wenye meno, kwamba Aristotle angeingia jikoni angeandika mengi zaidi.

Kazi za nyumba hakuzikwepa. Alikuwa mhasibu wa watawa kwa miaka, akashika na kumbukumbu zao. Chumba chake kikajaa vitabu, ala za muziki na vyombo vya kisayansi. Yule padre mwandishi alitaja vitabu 4,000. Wapo wanaoona ametia chumvi, na hata ukitoa nusu unabaki na maktaba. Kwenye chumba cha nondo walikuja makamu wa mfalme na wake zao, na msomi Carlos de Sigüenza y Góngora, profesa wa hisabati wa chuo kile kile kilichomkataa. Chuo kilikuja kukaa upande wa pili wa nondo, basi.

Na kuna kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Miaka ya 1682 na 1683 chuo kikuu kiliandaa mashindano ya ushairi kwa heshima ya Bikira Maria. Mmoja wa washindi alijiita Juan Sáenz del Cauri, msomi mwenye shahada. Chukua kalamu uzipange upya herufi za jina hilo: zinatoka Juana Inés de la Cruz, haibaki hata moja. Mama alikataa kumvisha binti nguo za kiume. Binti alingoja, akalivisha shairi.

Alitunga kwa wingi: michezo ya kuigiza, nyimbo, mashairi ya mapenzi, shairi moja refu la mistari 975 juu ya roho inayopaa usiku mwili ukiwa umelala, ikijaribu kuuelewa ulimwengu wote kwa mara moja, ikashindwa, ikajaribu tena. Rafiki yake mkubwa María Luisa, mke wa makamu mwingine wa mfalme, alibeba mashairi yake akarudi nayo Hispania, yakachapwa Madrid mwaka 1689. Mtu asiyeweza kuvuka barabara akawa anasomwa ng'ambo ya bahari.

Sifa hizo zilimkera Padre Núñez, yule muungamishi, aliyekuwa akilalamika hadharani kwamba mtawa anaandika mashairi ya dunia. Juana akamwandikia barua kali, akamwambia, kwa adabu zote, kwamba anaweza kuokoka kwa msaada wa padre mwingine. Barua hiyo ilionekana karne ya 20 tu. Si jambo dogo kwa mtawa kumfukuza muungamishi.

Mwaka 1690 mambo yakaharibika. Katika mazungumzo ya kwenye nondo, Juana alichambua mahubiri ya zamani ya Mjesuiti maarufu wa Kireno, António Vieira, akaonyesha hoja zake hazisimami. Mtu mkubwa akamtaka aandike. Akaandika. Karatasi ikafika kwa askofu wa Puebla, Manuel Fernández de Santa Cruz, naye akaichapa kitabu bila ruhusa yake, akaweka mbele yake barua ya kumsifu na kumuonya: aache elimu za dunia, aelekee mambo ya Mungu. Barua hiyo askofu hakuitia sahihi kwa jina lake. Alijifanya sista, akajiita Filotea. Juana alipotaka kuingia mahali pa wanaume alivaa jina la mwanamume. Askofu alipotaka kumkemea mwanamke alivaa jina la mwanamke.

Jibu la Juana lina tarehe ya 1 Machi 1691. Mengi ninayoyajua kuhusu utoto wake, jibini, nywele, pia na yai, yanatoka humo, kwa sababu aliamua kujitetea kwa kusimulia maisha yake. Anajua fika Filotea ni nani, lakini anamjibu kama sista mwenzake, na chini ya unyenyekevu huo anapanga hoja kama wakili. Anawataja wanawake wenye elimu mmoja baada ya mwingine, kuanzia Debora na Malkia wa Sheba hadi Hypatia wa Alexandria. Anasema Mtume Paulo alizuia wanawake kuhubiri madhabahuni, hakuzuia wasome. Anataka wanawake wazee wenye elimu wawafundishe wasichana, kwa kuwa kuna wazazi wanaowaacha binti zao wajinga kwa kuogopa kuwaweka na mwalimu wa kiume. Nilisoma hapo nikakumbuka shangazi yangu, lakini tuendelee. Mwaka ule ule nyimbo zake juu ya Mtakatifu Katarina wa Alexandria, msichana wa Misri aliyewashinda wenye hekima kwa hoja, ziliimbwa Oaxaca. Aliyesikia alielewa.

Jibu lenyewe halikuchapwa akiwa hai. Na wakati ulikuwa mbaya. Mvua za 1691 zilileta mafuriko, mahindi yakaharibika, njaa ikaingia, na tarehe 8 Juni 1692 wananchi wakachoma ikulu. Marafiki zake wa ikulu walikuwa wamekwisha kurudi Hispania. Askofu mkuu wa jiji, Francisco de Aguiar y Seijas, alikuwa mtu wa sadaka nyingi kwa maskini na chuki nyingi kwa wanawake. Padre Núñez akarudi kuwa muungamishi wake. Mwaka 1694 Juana alitia sahihi tamko la kujitoa upya kwa Mungu, kwa damu yake mwenyewe. Vitabu na vyombo vyake vikakabidhiwa kwa askofu mkuu viuzwe kwa ajili ya maskini.

Alilazimishwa, au alitubu kwa hiari? Waandishi wa Kanisa kwa muda mrefu walisema ni wongofu mtakatifu. Octavio Paz, Mmeksiko aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 1990, aliandika kitabu kinene kuonyesha kwamba alibanwa hadi akakubali. Mimi niko na Paz, ila si kwa asilimia mia. Mtu anaweza kubanwa na bado akamaanisha sala yake. Na njaa nje ya ukuta ilikuwa njaa kweli, vitabu viliwalisha watu. Hata hivyo alipokufa, kati ya karatasi zake palikutwa shairi ambalo hajalimaliza, la kuwashukuru waandishi wa Ulaya waliomsifu.

Mwaka 1695 ugonjwa wa kuambukiza uliingia San Jerónimo. Watawa wakaanza kufa. Juana alikaa na wagonjwa, akiwauguza, na hakukwepa kitanda cha yeyote. Akaugua, akafa tarehe 17 Aprili. Katika kitabu cha watawa alikuwa ameacha maandishi ya mkono wake, akijiita mbaya kuliko wote, akiomba msamaha kwa masista waliopo na watakaokuja, na kuelekeza mahali itakapoandikwa siku, mwezi na mwaka wa kifo chake.

Sura yake leo ipo kwenye noti ya Meksiko ya peso 100. Watawa waliondolewa San Jerónimo karne ya 19, serikali ilipofunga nyumba za utawa, na majengo yakapita mikononi mwa wengi. Sasa ni chuo kikuu, kinaitwa Universidad del Claustro de Sor Juana. Wasichana wanaingia kwa lango lile na mikoba yao, wanahudhuria vipindi kuzunguka ua ule ule, na jioni wanatoka kwenda nyumbani.